Mlango wa Pweza

Saa tatu na nusu asubuhi, jua limeshakolea, na Mzee alikuwa bado ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa pale Mayungu, ufito wake wa chuma umelala mapajani, anatazama maji. Mimi nilifika tangu alfajiri kwa hofu ya kuachwa. Nilipochoka kungoja nikamuuliza, "Ami, hatuingii?" Hakugeuka. Akanyoosha kidevu kuelekea baharini, mahali ambapo povu jembamba lilikuwa likikatika na kuungana tena. "Pale pana mgongo wa mwamba. Ukiuona umetoka mtupu, wimbi haliufuniki tena, ndipo tuondoke. Sasa hivi ukienda utakuwa unatembea tu."

Pweza nimemla tangu utotoni. Mtoto wa Malindi hahitaji kueleweshwa supu ya pweza: sufuria inafuka mvuke kando ya barabara magharibi ikishaingia, muuzaji anakata minyiri vipande juu ya kibao, ndimu na pilipili ziko kando, na watu wamesimama na vibakuli vyao bila maneno mengi. Nilikuwa nikiamini kwamba ufundi wa kumpata mnyama yule uko mkononi, kwamba mvuvi hodari ni yule mwenye shabaha na nguvu za kumng'oa mwambani. Baada ya bamvua nne nikimfuata mzee huyu, naona niliipunja kazi yake heshima. Chuma kinapomgusa pweza, kazi kubwa imeshakwisha. Kazi ni kujua alipo, katika jabali lenye mashimo elfu, mnyama asiye na mfupa hata mmoja, anayeweza kugeuka rangi na umbo la jiwe alilolilalia.

Mzee mwenyewe hakutaka jina lake liandikwe, na nimeliheshimu ombi hilo. Ni Mpemba. Baba yake alivuka kutoka Pemba akifuata samaki, kama walivyovuka wengi, akaoa huku na kuzikwa huku. Watu hawa wamevua kati ya Takaungu na Ngomeni kwa vizazi, na ilikuwa mwaka 2023 tu ndipo serikali ya Kenya ilipowatambua rasmi kuwa jamii mojawapo ya nchi hii. Husemwa Wapemba hujuana kwa vilemba. Nadhani wavuvi wa pweza miongoni mwao hujuana kwa mwendo: unyayo haunyanyuliwi juu, unatelezeshwa ndani ya maji kama anayepita chumba alicholala mtoto.

Kabla ya mahali kuna wakati, na wakati wenyewe umefungwa kwenye mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapopevuka, bahari huingia katika bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na huku kwetu tofauti kati ya ujazo na upwaji hukaribia mita 4. Siku hizo mwamba hutoka nje kwa upana ambao mgeni hawezi kuusadiki, mtu akatembea mamia ya hatua mahali ambapo jana usiku paliogelewa. Katikati ya bamvua mbili kuna maji mafu, bahari inasitasita, haiji wala haiendi, na mvuvi wa miguu hushona nyavu au hulala. Jambo ambalo sikuwahi kulifikiria, nami nimezaliwa hapa, ni kwamba katika pwani yetu upwaji mkubwa wa bamvua huangukia karibu saa ile ile kila mara, baina ya saa nne na saa tano na kitu asubuhi, na tena usiku saa kama hizo. Maji mafu hupwa jioni mnamo saa kumi, tena hayashuki vya kutosha. Kwa hiyo Mzee hana haja ya jedwali la bandarini. Anatazama mwezi usiku, anahesabu vidole, na asubuhi anajua kama atakunywa chai ya haraka au ya starehe. Siku ile mwezi ulikuwa wa kumi na sita, mwisho wa kaskazi, Machi, upepo umelegea na maji yameangaza. "Hizi ndizo siku za kusoma," aliniambia. "Kusi likiingia, bahari inachafuka, unabaki kubahatisha."

Mgongo ulipotoka tukaingia.

Pwani hii ukiitazama kwenye ramani utaona mwamba umeshikana na nchi sehemu kubwa ya Kilifi, lakini si kila mwamba una pweza. Huko Malindi, mto Sabaki humwaga udongo wake baharini, na mvua zikinyesha bara maji ya ghuba huwa rangi ya chai ya maziwa. Kuelekea Mambrui utakuta mchanga na tope kuliko jabali, na mvuvi wa pweza hana kazi huko. Kusini mambo hubadilika: Mayungu, Watamu, mdomo wa Mida, Uyombo, Roka, kisha Kilifi yenyewe mpaka Takaungu. Sehemu ya bahari hiyo imo ndani ya mbuga za baharini za Malindi na Watamu zilizotangazwa mwaka 1968, ambamo hakuna kuvua kabisa, na nyingine imo katika hifadhi inayozizunguka, ambamo uvuvi wa asili unaruhusiwa. Mzee anaijua mipaka hiyo kama anavyojua ukuta wa jirani.

Ndani ya eneo lake halali, alipita kwanza juu ya mwamba mzuri sana, matumbawe hai yamejipanga kama maboga, rangi za kila namna, samaki wadogo wamejaa. Nilisimama. Yeye hakusimama. Mahali pale, alisema, ni pa kutazama. Pweza hupita tu. Akavuka pia bonde la mchanga mweupe, na majani ya bahari yaliyolala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Tulipofika ukingo, pale majani yanapokoma na jabali la kale lililokufa kuanza, lenye vifusi vya matumbawe yaliyovunjika na vijito vya maji ya kufikia muundini, ndipo mwendo wake ulipobadilika. Sababu nilizielewa taratibu. Kaa hupenda majani. Chaza na kome hushika mawe. Jabali la kale lina mashimo. Pweza anataka nyumba iliyo karibu na soko, na mlango usiokauka hata maji yakipwa namna gani. Ukipata ukingo wa namna hiyo, umefika mtaani kwake. Bado hujajua nyumba.

Akaniweka kushoto kwake, upande wa nchi kavu. Nilidhani ni adabu, kumbe ni jua. Pwani yetu inatazama mashariki, na saa hizo jua liko juu ya bahari. Ukilipa mgongo, kivuli chako kinatangulia, na pweza ana macho makali kuliko yako. Ukilikabili, mng'ao wa maji unakupofusha. Kwa hiyo yeye hutembea akilifuata jabali kwa urefu, kutoka kusini kwenda kaskazini, jua likimkaa begani, kivuli kikianguka pembeni, juu ya mtu kama mimi ambaye hana anachokitafuta upande ule.

Nusu saa ya kwanza hakuchoma hata mara moja. Aliinama na kuinuka mara ishirini, pengine zaidi. Mimi niliona mashimo, mashimo, mashimo. Hatimaye nikapata langu: tundu la ukubwa wa ngumi chini ya jiwe bapa, na mbele yake rundo la makombe na magamba ya kaa. Nikamwita kwa fahari. Alikuja, akachutama, akaokota gamba moja, akaligeuza na kunipa. Ndani lilikuwa na utelezi wa kijani. "Nyumba ya marehemu," akasema. "Ama kahama, ama kaliwa. Huyu hajapika hapa muda mrefu." Akaliweka gamba pale pale lilipokuwa.

Rundo lile ndilo kitabu chenyewe. Pweza huwinda, huleta mawindo nyumbani, hula, kisha husukuma mabaki nje ya mlango kwa pumzi ya maji. Wavuvi hawakulijua hilo jana. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, aliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwamba pweza hupeleka windo lake shimoni na kutupa nje magamba na makombe akimaliza nyama. Nilipomsimulia Mzee kwamba kuna Mgiriki wa zamani aliyeliona jaa la pweza, alifurahi kweli kweli, akauliza kama mtu huyo alikuwa mvuvi. Nikamwambia alikuwa mwalimu. "Basi alifuatana na mvuvi," akasema, nami nadhani ni sahihi.

Lakini kuliona jaa ni herufi ya kwanza tu. Kujua umri wa jaa ndiyo elimu. Mzee alinionyesha shimo la pili hatua chache mbele, na hapo nikachutama muda mrefu mpaka magoti yakaniuma, naye akinisomea. Mbele ya tundu, mchanga umefagiwa. Pembeni una vumbi na vijani, ila kwenye upana wa kiganja mbele ya mlango ni safi. Mawe matatu madogo yamesogezwa mdomoni, na chini yake, upande uliokuwa umelala mchangani, bado ni meupe, maana yake yamehamishwa juzi au jana. Kuna gamba la kaa, na ndani yake bado kuna utando mwembamba wa waridi ambao bahari haijauosha. Kuna chaza, pande zake mbili zimefunguka na bado zimeshikana kwenye bawaba. Kuna kombe la konokono lenye kitundu kidogo kama cha sindano, mahali ambapo pweza ametoboa ili kumlegeza mwenyewe aliyemo. Nilipokuwa bado naangalia kile kitundu, Mzee akagusa bega langu kwa kidole kimoja na kunielekeza palepale kwenye ukingo wa giza. Punje za mchanga zilikuwa zikicheza. Zinarukaruka kidogo, zinatulia, zinarukaruka tena, kwa kadiri ile ile. Alikuwa anapumua.

Kisha nikaona jicho. Sikuliona kwa kulitafuta. Lilikuwepo muda wote, nami nilikuwa nimelihesabu kuwa sehemu ya jiwe. Mboni yake imelala kama ufa. Limetutazama sisi wawili kwa muda gani, sijui.

Kukamata kwenyewe nitakupitisha haraka, kwa kuwa kulikwenda haraka. Mzee hakuchoma. Aliingiza kijiti chembamba akakichezesha mlangoni, mnyiri ukatoka kukishika, halafu mwingine. Akavuta kidogo, akalegeza, akavuta, kama anayebishana na mtu kwa upole, na pweza alipoacha kushika mwamba na kushika kijiti kwa hasira, chuma kilipita mara moja. Mkono wa pili ukaingia kichwani na kumgeuza. Wino ukatanda majini na kuondoka na mkondo. Alikuwa mkubwa wa kutosha. Mzee akamtia kwenye kamba kiunoni, akarudisha mawe matatu mlangoni kama yalivyokuwa.

Nilimuuliza kwa nini anajisumbua na mawe ya nyumba isiyo na mtu. Jibu lake limenikaa mpaka leo. Nyumba nzuri, alisema, haikai tupu. Pweza haishi mahali pamoja siku zote. Hukaa siku kadhaa, au wiki kadhaa, akahama, na mwingine akipita akiona mlango unafaa, anaingia. Shimo analolijua lina mpangaji leo, kesho kutwa litakuwa na mwingine, na baba yake alilivua shimo hilo hilo. Kwa hiyo anayevunja jabali kumtoa pweza mmoja amefukuza wapangaji wote watakaokuja. Vijana wengine huja na vyuma vizito, wakagonga matumbawe mpaka yapasuke, wakatoka na pweza wa nusu kilo. Hili nimeliona kwa macho yangu, na limeniuma. Mzee hakuwatukana. Alitembea mpaka mahali pale baada ya wao kwenda, akajaribu kuegesha kipande cha jiwe juu ya kingine, kikaanguka, akakiacha.

Mashimo yake yana majina. Kuna Kwa Bibi, kuna Jiko la Chini, kuna moja liitwalo Mdeni, kwa sababu mara nyingi huahidi na lisilipe. Siku moja nilihesabu aliyoyapitia kwa safari moja ya saa mbili na nusu: yalikuwa arobaini na moja, na mengi ya hayo aliyasoma akiwa wima, kwa mtupo wa jicho, akasema "hayupo" bila kupunguza mwendo. Anayapata kwa alama za nchi kavu: mvinje fulani ukikaa sawa na paa la nyumba fulani, na mnara wa msikiti ukijitenga na minazi. Alama mbili zikikutana, anatazama miguuni, na tundu lipo. Mtu asipoyaona mashimo hayo yakiwa katika mpangilio wake, atadhani Mzee anazurura. Kumbe anafuata ratiba kama tarishi: akianza na yaliyo juu, yanayotoka maji mapema, akiteremka na bahari inavyoteremka, akifika ukingo wa mwisho katika zile dakika chache ambazo maji yamesimama, kisha akirudi juu kwa njia nyingine huku yakijaa nyuma yake.

Ramani hiyo imewahi kuchanika. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, matumbawe yakageuka meupe, na sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya ikafa. Mzee anakumbuka weupe ule. Anasema alidhani mtu amemwaga chokaa. Kwa muda mashimo yalibaki, maana mfupa wa tumbawe haupotei siku moja, ila mawimbi ya kusi yaliyofuata yaliubomoa mwaka baada ya mwaka, na majina kadhaa aliyorithi kwa baba yake hayana tena mahali pake. Anaweza kukupeleka na kukuonyesha kwa mguu: hapa palikuwa, na hapa. Unaona vifusi tu. Baadhi ya vifusi hivyo, kwa bahati, ndivyo vilivyozaa mashimo mapya, naye ilimbidi ajifunze upya akiwa mtu mzima mwenye mvi.

Kuna dalili nyingine ambayo haionyeshwi na mwamba wala jaa, nayo ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Pweza wetu huyu ni mtembezi wa mchana, na akitoka kuwinda hafuatwi na kivuli chake tu. Chewa humfuata, na samaki wengine wadogo wadogo, kwa sababu akiingiza minyiri chini ya mawe, vilivyojificha vinakimbia, nao wako nje wanangoja. Mzee akiwa amesimama kwenye maji ya magoti, humtafuta kwanza chewa. Chewa anayeogelea hana habari. Chewa aliyesimama palepale, kichwa kimeinamia jiwe, mapezi yanapepea tu, huyo anamngojea mtu. Watafiti waliopiga mbizi Bahari ya Shamu waliandika mwaka 2020 kwamba waliona jamii hii hii ya pweza, wakiwa katikati ya msafara wa namna hiyo, wakimpiga samaki ngumi kwa mnyiri mmoja, pengine kumwondoa njiani. Nilipomwambia Mzee, alicheka mpaka akaegemea ufito. Amewahi kuona hivyo mara nyingi, na hakujua kwamba ni jambo la kuandika.

Bara, mwindaji alitanguliwa na mbwa, siku ambazo uwindaji ulikuwa halali, kabla ya marufuku ya mwaka 1977. Baharini mvuvi wa pweza anatanguliwa na chewa, ambaye hakumfuga wala hakumlisha. Na watu wa pwani waliwahi kwenda mbali zaidi ya hapo. Mwaka 1884 Frederic Holmwood, afisa wa Uingereza aliyekaa Unguja, aliandika jinsi wavuvi wa pwani hii walivyomtumia chazo, yule samaki mwenye kibao cha kunatia kichwani: walimfunga kamba mkiani, wakamwachia karibu na kasa, chazo akanata kwenye gamba, nao wakavuta kamba taratibu. Kasa sasa analindwa na sheria, na sitamani siku hizo zirudi. Ila nikimwona Mzee amesimama kimya akimtazama chewa anayemtazama pweza, najua ni ukoo mmoja wa maarifa, wa kumwazima kiumbe mwingine macho yake.

Shimo la mwisho siku ile lilikuwa chini kabisa, kwenye ukingo ambao nje yake maji hubadilika kuwa bluu nzito. Mlango ulikuwa umezibwa. Mawe yalikuwa mengi, yamepangwa kwa ndani, yakiacha upenyo wa vidole viwili. Jaa lilikuwepo, kubwa, na gamba nililookota lilikuwa na ule utelezi wa kijani. Kwa mafunzo yangu ya saa mbili nikatoa hukumu: marehemu. Mzee akatikisa kichwa. Akaniambia niweke sikio la macho, ndivyo alivyosema, kwenye upenyo. Punje zilikuwa zikicheza, polepole sana.

Alikuwa mama. Pweza jike hutaga mara moja tu maishani. Hujifungia, hutundika mayai yake maelfu kwa maelfu darini mwa shimo kama vishada vya mchele, akayapepea maji na kuyasafisha usiku na mchana, wala hatoki kula. Ndiyo maana mabaki mlangoni ni ya kale ingawa mwenyewe yupo. Mayai yanapoanguliwa yeye amekwisha, hufa humo humo. Maisha yake yote ni mwaka na kidogo. Mnyama wa namna hiyo angekuwa rahisi kumtoa kuliko yeyote tuliyempata asubuhi ile, hana nguvu na hataki kuacha mayai. Mzee alisimama, akapangusa magoti, tukaondoka. Sikumwuliza chochote, naye hakusema chochote. Hatua kama kumi mbele ndipo aliposema kwamba mvua za masika zikishapita, ukingo huu utakuwa na watoto.

Najua wapo wanaojaribu kulifanya kwa sheria lile alilolifanya Mzee kwa kupangusa magoti. Kuruwitu, kusini mwa Kilifi, wavuvi wazee walianza mwaka 2003 kuzungumza juu ya kufunga kipande cha bahari yao, wakatenga kama hekta 30 zisizovuliwa kabisa, tengefu kama tunavyoita, na kazi yao ikapewa Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa mwaka 2017. Madagaska, kijiji cha Andavadoaka kilianza mwaka 2004 kufunga mwamba wa pweza kwa miezi kadhaa kisha kuufungua, na kwa kuwa pweza hukua upesi mno, waliofungua walikuta wakubwa. Pemba kwenyewe, alikotoka baba yake Mzee, vijiji vimefanya vivyo hivyo. Ninaunga mkono jambo hili kwa moyo wote. Wasiwasi wangu ni siku ya kufungua. Mwamba uliopumzishwa miezi sita unaweza kuchakazwa asubuhi moja na watu mia wenye vyuma wasiojua kusoma mlango. Kufunga kunaleta pweza. Kujua ni nani wa kuchukuliwa na ni jiwe gani la kurudishwa hakuji na maji, lazima mtu amfuate mtu.

Na wa kufuata wamebaki wachache. Watoto wa Mzee wanaendesha bodaboda na tuktuk mjini, kazi ya halali, na hawalaumu. Mjukuu mmoja wa kike, wa miaka kumi au kumi na mmoja, ndiye anayekuja siku za mapumziko ya shule. Nimemwona akitembea nyuma yake ndani ya maji, viatu vya plastiki miguuni, unyayo haunyanyuki.

Maji yaligeuka saa tano na kitu. Hukuyaona yakija; uliona tu kijito kilichokuwa kikitoka kimesimama, kisha kijani kimoja kikaanza kuelea upande wa pili. Mzee alikuwa na pweza wanne kwenye kamba, na mchuuzi alishafika ufukweni na mizani yake ya kuning'iniza, anapunga mkono. Kwa haraka ya bahari tungepaswa kwenda moja kwa moja. Badala yake alikata kona kuelekea jiwe moja lisilo la ajabu, la rangi ya majivu, akalipapasa kwa ufito. Tundu lilikuwa tupu na safi, halina jaa, sakafu yake mchanga mzuri, dari imara, mlango unatazama upande usio na wimbi. Aliliangalia kama mtu anayeangalia nyumba anayotaka kuipangisha. Akaokota mawe mawili ya saizi ya ndimu akayaweka karibu, si mlangoni, karibu tu, pale ambapo mnyiri ungeyafikia.

"Geuka," akaniambia. "Tazama nchi kavu. Unaona nini?"

Niliona mvinje wenye tawi lililokatika, na nyuma yake, kushoto kidogo, tangi jeusi la maji juu ya nyumba. Nikamwambia.

"Basi bamvua ijayo utakuja wewe kulitazama. Mimi sitakuonyesha." Akanitajia jina la shimo lile mara moja tu, maji yakiwa yameshafika muundini, tukaanza kurudi.